Kanuni ya Kuthibitisha Busara

Idara ya Busara za Watu Mashuhuri, ambayo mimi ndiye mkurugenzi wake, inapenda kuutangazia umma kwamba kuanzia sasa hakuna busara itakayotundikwa ukutani, wala kuondolewa, bila ushahidi wa mtu anayeishi na mhusika.

Kanuni hiyo niliiandika mwenyewe. Kwa miaka mingi tumekuwa tukikusanya maneno ya wenye majina makubwa kuhusu maisha, kazi na tabia njema, tukiyatia kwenye fremu na kuyatundika katika korido ya wizara, ili wananchi wanaosubiri huduma wasikae bure. Wananchi, kwa kukosa shukrani, wakaanza kuuliza kama wasemaji wenyewe wanayafuata. Tukaona tuwazibe midomo kitaalamu.

Utekelezaji ulikwenda vizuri kupita kiasi. Mchezaji mpira aliyesema siri ya mafanikio ni kuamka mapema, tulikwenda kwake saa sita mchana, mama yake akatusihi tuongee polepole tusimwamshe. Mwimbaji aliyesema utu ni bora kuliko mali alikanwa na dada yake wa tumbo moja. Fremu zikashuka, ukuta ukabaki misumari mitupu. Nilicheka sana. Nyani haoni kundule.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nakaribia kustaafu, na mkurugenzi anayestaafu hutundikiwa busara yake moja. Niseme ukweli, niliitaka fremu ile kuliko kiinua mgongo. Nikatunga: "Nimefika hapa kwa sababu ya kusikiliza."

Mkaguzi wangu, dada mmoja asiyejua utani, akaja nyumbani kumhoji mke wangu. Nilimkaribisha sebuleni, nikamimina chai kwa mkono wangu, nikamtilia mke wangu vijiko viwili vya sukari kama nifanyavyo kila siku, ili tabia njema ionekane kwa macho.

Mkaguzi akamuuliza kama huwa nasikiliza. Nikajibu kwamba ndiyo. Akamwomba atoe mifano. Nikatoa mifano. Akaomba, kwa heshima zote, mama ajibu mwenyewe. Nikamweleza kuwa mama si mtu wa maneno mengi.

Mke wangu akakisogeza kikombe pembeni.

"Sukari niliacha tangu mwaka juzi, baba. Daktari alinikataza. Nilikwambia siku ileile, ukasema vizuri sana."

"Sasa mbona hukunikumbusha, mama watoto?"

"Nilikukumbusha weee, nikachoka. Siku hizi chai yako naimwaga tu."

Niliona aibu, tena si aibu ya kiofisi. Muda wote huo nilidhani anaimaliza kwa mapenzi. Mkaguzi aliandika bila kuinua uso, kisha akamuuliza mama kama yeye ana lolote kuhusu maisha, kwa kuwa msumari ulikwisha kuidhinishwa na hauwezi kurudishwa stoo.

Mke wangu hakufikiri hata kidogo. "Ukiishi na kiongozi, utazoea kuongea peke yako."

Busara hiyo nayo ilihitaji shahidi anayeishi na mhusika, na mke wangu haishi na mwingine ila mimi. Nikikana, fremu yangu ina nafuu. Nikikubali, nimejimaliza kwa kanuni yangu mwenyewe. Nikafungua mdomo kufafanua, nikamwona anavyonitazama, mtu aliyekwisha kujua nitakachosema. Nikaufunga. Nikasaini.

Fremu ya mke wangu sasa imetundikwa mkabala na mlango wa Waziri, na foleni nzima inaisoma kwa sauti. Jana Mheshimiwa aliniita akaagiza iondolewe mara moja. Nikamuuliza kama na yeye inamhusu. Akasema inamhusu mno. Basi, nikamweleza, kwa mujibu wa kanuni mkewe ndiye atakayetoa ushahidi kwamba si kweli.

Waziri akasema hilo ni jambo dogo. Akampigia mkewe simu palepale, akamweleza neno kwa neno cha kujibu, akakata kabla mama wa watu hajasema halo.