Skana ya Juu ya Kabati

Jumatatu, 3 Juni

Nimetoa ahadi mbele ya familia nzima. Sijutii. Yaani, sijutii sana.

Mama mkwe alifika jana na kopo la biskuti. Ndani hamna biskuti. Kuna vipande vya filamu, zile negativu za zamani, amevifunga kwenye karatasi. Msimu wa mvua uliopita paa lake lilivuja na picha zake zote zikawa uji. Zote! Hakubaki na hata moja ya marehemu mumewe. Amesema, macho chini, kwamba miaka kumi na moja ni mingi na sura yake imeanza kumtoka kichwani. Jumapili hii ndugu wote wanakutana kwetu, na ombi lake ni moja tu: amwone.

Shemeji, kaka wa mke wangu, akasafisha koo. Tunamwita Profesa kwa sababu anauza simu na anaongea polepole. Akashauri filamu zipelekwe studio, kwa wataalamu. Wataalamu! Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshasimama. Nikawaambia ninayo skana ya filamu, mashine ya maana, juu ya kabati, na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Mke wangu akanikumbusha kwamba mashine hiyo haijashuka huko tangu tuhamie. Tukakubaliana: picha isipopatikana ifikapo Jumamosi saa sita mchana, Profesa anachukua kopo, na skana inakwenda kwa watu wa vyuma chakavu. Nimekubali kifua mbele.

Jumanne, 4 Juni

Nimeifuta vumbi. Mashine nzuri, nzito, inaleta heshima mezani. Tatizo dogo: tundu lake la waya ni pana kama kiganja, na ndani lina vijino hamsini. Nimevihesabu mara mbili. Kompyuta yangu mpya ina vitundu viwili, na hata njiti ya kiberiti haipiti.

Baada ya kazi nimekwenda kwa fundi wa kompyuta. Amecheka. Halafu akawaita wenzake wa duka la jirani nao waje kucheka. Amesema kompyuta za siku hizi haziwezi kuelewana na kitu kama hicho, nitafute ya rika lake. Wivu tu! Nimeondoka na adapta tatu.

Nyumbani nimechomeka adapta kwenye adapta kwenye adapta, mkia mrefu mpaka nikauwekea kigoda. Nikawasha. Kompyuta ikaandika kwamba kifaa hakitambuliki. Hakitambuliki! Nimezima na kuwasha mara kumi na nne. Mama mkwe ameuliza kama naendelea vizuri. Nimemjibu kwamba bado kidogo sana.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata wazo. Mimi ni hatari!

Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ni barua: ziingie, zigongwe muhuri, ziende kwenye jalada. Na kwenye kona ya masjala yetu kuna kompyuta ya kale ambayo kazi yake kwa miaka ni kukaliwa na birika la chai. Leo nimeinama kana kwamba nimeangusha kalamu, nikaichungulia mgongoni. Tundu pana! Vijino hamsini! Nusura nimkumbatie mhudumu wa chai.

Shida ni bosi. Kwake hakitoki kitu, hata klipu ya karatasi, bila barua. Basi nikaandika barua. Nikaielekeza masjala, kwa heshima zote, nikiomba kuazimwa kitako cha birika kwa ajili ya matengenezo. Nikaipokea. Nikaigonga muhuri. Nikaisoma kwa makini, nikaona hoja zake ni nzito, nikaipendekeza. Bosi husaini kila kilicho mezani kabla ya chai ya saa nne, bila kusoma. Amesaini. Utaratibu umefuatwa mwanzo hadi mwisho, na nakala ipo kwenye jalada.

Nimerudi nyumbani na kompyuta ndani ya kapu la nguo. Birika sasa liko sakafuni. Mhudumu wa chai hasemi nami. Potelea mbali.

Alhamisi, 6 Juni

Imewaka! Inanguruma kama mashine ya kusaga, lakini imewaka. Programu ya skana ilikuwa bado kwenye boksi lake, kwenye diski, haijaguswa. Saa kumi na moja jioni jina la skana likatokea kwenye kioo cha kompyuta. Wametambuana! Nimepiga ukelele mpaka mke wangu akaja mbio na mwiko mkononi.

Kisha nikaweka filamu, nikabonyeza. Skana ikasema grrr, grrr, ikatetemeka, ikanyamaza. Taa nyekundu ikaanza kunikonyeza. Nikabonyeza tena. Grrr.

Profesa naye akapita, eti kusalimia tu. Akaketi. Akala. Akawa anaitazama ile taa. Nikamweleza kwamba mashine za hali ya juu lazima zipate moto kwanza. Akauliza, kwa upole wake ule, inapata moto tangu saa ngapi. Akasema akilichukua kopo sasa hivi atawahi studio kesho asubuhi, mama asije akakosa. Nikalipakata kopo. Halikutoka mapajani mwangu mpaka alipoaga.

Mama mkwe akauliza kama kitabu cha maelekezo kinasema lolote. Nimemwambia kwa adabu kwamba vile vitabu ni vya wanaoanza. Akakiomba akisome yeye, maana hana la kufanya.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeomba ruhusa kazini. Kichwa kinauma. Na kweli kilikuwa kinauma.

Asubuhi nzima nimeipiga skana makofi ya ubavuni, mepesi, ya kitaalamu. Mama mkwe yuko pembeni, miwani puani, amefika ukurasa wa nne. Ghafla akaomba nimpishe. Akaigeuza skana kama mtoto anayebadilishwa nepi, akaingiza sindano yake ya kufumia chini ya tumbo, akasukuma kitu. Tak! Komeo. Komeo dogo la kuifunga mashine isitikisike safarini. Lilikuwa limefungwa tangu dukani, miaka kumi na tisa! Maana yake sijawahi kuitumia hata siku moja, na hilo mke wangu hana haja ya kulijua. Naandika hapa kwa ajili ya kumbukumbu kwamba yale makofi yalikuwa yameshalilegeza.

Skana ikaanza kuimba. Mstari kwa mstari picha ikashuka: mwanamume kijana, shati jeupe, baiskeli, mtoto mdogo amepakiwa mbele. Nikamwekea mama kiti. Akatazama. Akatazama sana. Kisha akasema huyu siye.

Akasema mumewe alivaa saa mkono wa kushoto. Huyu kavaa kulia. Mumewe alichana nywele upande huu. Huyu kachana ule. Anafanana naye, labda ni ndugu yake wa mbali, lakini siye. Na machozi yakaanza kumlengalenga. Nikamwambia labda siku hiyo marehemu alikuwa amebadilisha mkono. Na nywele. Mke wangu akaja, akachungulia, akaniuliza kama na kibao cha duka kilichoko nyuma ya baiskeli kilibadilika siku hiyohiyo, maana herufi zake zote zinatazama nyuma.

Filamu niliiweka kinyume. Kabla sijaigeuza umeme ukakatika, na haukurudi mpaka tunakwenda kulala.

Jumamosi, 8 Juni

Umeme umerudi saa tatu. Kompyuta ikagoma mpaka saa tano. Nimeibembeleza, nimeitisha, nimeiahidi kwamba haitabeba birika tena maishani mwake. Ikawaka. Nikageuza filamu. Mke wangu akaikagua. Nikabonyeza.

Saa tano na dakika arobaini na mbili! Saa mkono wa kushoto. Nywele upande wake. Kibao kinasomeka. Mama mkwe akaweka kiganja kwenye kioo, juu ya shavu la mumewe, akakiacha hapo. Halafu akamwambia, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba alidhani amempoteza mara ya pili. Nikatoka nje kidogo. Kompyuta za zamani zina vumbi sana, linaingia machoni.

Saa sita kasoro dakika tano Profesa akabisha hodi, na mfuko wa kubebea kopo kaja nao. Nikamfungulia kama mgeni rasmi. Nilikuwa nimeandaa maneno, mengine makali. Lakini akasogea, akamtazama yule mtoto wa kwenye baiskeli, akakaa chini palepale sakafuni. Ni yeye. Hakuwahi kujua kwamba ipo picha yake na baba yake, wao wawili tu. Akalia mtu mzima. Nikampa leso yangu. Nimeona si vizuri kumwambia kwamba nimemshinda mpaka atulie. Nimemwambia saa sita na robo.

Jumapili, 9 Juni

Siku yangu! Picha thelathini na moja. Ndugu wamepanga foleni sebuleni, wengine wamerudia foleni. Nimetoa hotuba. Mke wangu amenivuta shati mara mbili, nikaendelea. Mama mkwe amesimama, akasema mbele ya watu wote kwamba mkwe wake huyu amemrudishia mumewe. Mbele ya watu wote! Profesa akaja akanikumbatia, na safari hii nikaona anamaanisha. Shemeji yangu ni mtu mwema. Sijui kwa nini watu wanamsema.

Kisha mama akafungua mkoba wake. Amesema sura sasa anayo, lakini sauti nayo imeanza kumtoka. Akatoa kaseti. Marehemu aliirekodi alipokuwa akifanya kazi mbali, akimsemesha yeye, na ndiyo hiyo moja tu. Imenasa, haizunguki kabisa, miaka sasa. Profesa akasafisha koo. Akasema kitu cha aina hiyo kinataka mikono ya watu waliokisomea.

Nilikuwa nimeshasimama. Nikamwambia mama: Ijumaa utamsikia.

Jumatatu, 10 Juni

Kaseti nimeifungua kwa kisu cha jikoni. Rahisi mno! Sijui watu wanasomea nini miaka yote hiyo. Ndani kuna utepe mwembamba wa kahawia, mrefu kuliko nilivyokadiria. Umetoka wenyewe, kwa hiari yake. Umepita chini ya meza, umezunguka kabati, umefika mlangoni. Kila kitu kinakwenda sawasawa.

Mke wangu amerudi sasa hivi, akaniuliza ni nini hiki kimetapakaa sebule nzima. Nimemwomba asisogeze mguu. Hapo alipokanyaga ni sauti ya baba yake.