Bakteria Anayejitia Mwenyeji wa Mto Wetu

Tarehe 9 Machi, mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke kwetu.

Kwa Mkuu wa Maabara, Hospitali ya Wilaya.

Ndugu Mkuu,

Natumaini wewe na darubini zako hamjambo. Mimi ni yule mzee fundi saa aliyepimwa kichocho Jumanne. Majibu yalinifurahisha mno: ninacho. Dada yangu hunikata maini kwenye simu, "Kaka, wewe sasa ni mgeni, huna hata chembe ya huku." Sasa nina ushahidi kwamba damu yangu bado inaukumbuka mto wetu. Nikamwambia aniandalie chumba, narudi. Kisha nikamuuliza mpimaji wako kipimo kinafanyaje kazi, na hapo ndipo yalipoanza malalamiko yangu.

1. Kumbe hamkutumia mnyoo. Mlichukua kipande cha jeni ya mnyoo wa kichocho, mkakipachika ndani ya bakteria, naye akawatengenezea protini ya mnyoo humo chupani. Damu yangu ilipokutana na protini hiyo, ikaikumbatia. Bakteria huyo hajapata kuuona mto wetu hata siku moja.

2. Kwa kipande kimoja cha kuazima, amepokewa kama mwenyeji ndani ya dakika ishirini. Mimi baada ya miaka yote hii muuza mkaa jirani yangu bado ananiuliza, "Mzee, kwenu wapi vile?" Naomba nami nipachikwe kipande. Cha muuza mkaa kitatosha. Ana afya njema.

3. Daktari amenipa vidonge vya kuua minyoo. Sijavimeza. Hao ndio watu wa kwetu pekee ninaoishi nao. Tafadhali mkataze.

4. Cheti chenu kimeandikwa "chanya" tu. Ongezeni jina la mto, mgonge muhuri, nimtumie dada.

Wasalimie wapimaji wote, na mama wa mapokezi aliyenishika mkono sindano ilipoingia. Msalimie na bakteria. Kosa si lake.

Wako mwenye damu iliyodanganywa,
Fundi Saa wa Kona ya Posta

Nyongeza: Nimemsomea dada barua hii kwenye simu kabla ya kuifunga. Alicheka hadi akakohoa. "Mto gani, kaka? Mama alikuwa akitufungia ndani kwa kuogopa konokono wa kichocho. Hukuwahi kulowesha hata kidole." Nikautazama mfereji ulio nyuma ya kibanda changu, ambamo nimenawa miguu kila jioni tangu nifike. Mpimaji anasema kipimo hakijui ni maji ya wapi. Mimi najua. Vidonge nimevimeza, maji ya kumezea kaniletea muuza mkaa. Chumba apewe mpwa wangu. Sitarudi.