Wajomba Wengi, au Wote?

Redio ya kijiwe cha kahawa, nyuma ya soko la Bagamoyo, ilikuwa imetangaza jambo: wataalamu wamepima vichwa vya watu, wakaona neno "wote" ni jepesi, neno "wengi" linachosha.

"Na mshahara wanapokea?" aliuliza Rajabu. Walimwita Spika, maana akishika neno haachii.

"Wana hoja," alisema Mzee Yousuf, maarufu kwa jina la Kamusi. "Ukiambiwa samaki wote wazima, unatafuta aliyeoza mmoja tu, kesi imekwisha. Ukiambiwa wengi wazima, tenga wazima huku, waliooza kule, upime upande upi umezidi. Kichwa kitaacha kuuma?"

Nasser alitua kikombe. Spika ndiye mshenga wake. Alipeleka posa kwa akina Naila, binti anayemtaka Nasser, akarudi na jibu kwamba wajomba wengi wameridhia. Tangu hapo Nasser hajui ashone kanzu au ameze panadol.

"Kaka Spika, wengi ndio wangapi?"

"Wengi ni wengi. Nyumba ilijaa."

"Wengi kwa maana ya kundi kubwa, au wengi kuliko waliokataa?" Kamusi alidakia. "Kiswahili chetu kimezifunika maana zote mbili kanga moja."

"Mzee, unaniulia harusi."

"Maiti kaleta mshenga. Mimi naosha tu."

Spika alijifuta jasho. "Waliocheka niliwaona. Waliokunja uso sikuwatazama, nilikuwa nimeinamia sahani."

Mara akatokea Bwana Abdulnasir, baba yake Naila. Shikamoo za vijana zikamiminika, marahaba ikatoka moja ya jumla.

"Tuamulie, bwana," Kamusi alimwambia. "Wajomba walioridhia ni wengi, au wote?"

"Wote," alijibu akipokea kahawa. "Hata wa Lugoba kapiga simu."

Nasser akashusha pumzi. Spika akatanua kifua. "Si niliwaambia?"

"Ila mjomba haozeshi," Bwana Abdulnasir aliendelea. "Anayeozesha ni walii, nami ndiye walii, na sijaulizwa. Mshenga alifika kwangu, akaukuta wali, akadhani ndio huohuo."

Spika akakumbuka ana mgeni nyumbani. Kamusi naye akainuka, eti anakwenda kumwamkia huyo mgeni. Benchi likabaki na watu wawili.

Nasser alivua kofia, akaivaa tena.

"Uliza, mwanangu," alisema Bwana Abdulnasir, akimsogezea kashata. "Baba ni mmoja. Hesabu yake haichoshi."