Nani Atakaa Tezini

Jumatatu, 10 Julai

Ijulikane kwa vizazi vyote vitakavyolifungua daftari hili: leo, saa nne kasoro robo asubuhi, mbele ya mashahidi wawili na rubani mmoja, mimi Isidore nimekabidhiwa rasmi mfuko wa chai. Bibi Verona mwenyewe kanikabidhi. Si Modeste. Mimi.

Ndege ya kutua majini imetuacha ziwani, kwenye chanzo cha Mto wa Upepo, ikarudi zake kijijini. Sisi tutarudi kwa makafi. Siku nane, mitumbwi miwili, watu wanne: Bibi, binamu yangu Modeste, dada yangu Lucille, na mimi.

Jambo lenyewe niliandike wazi, maana kwa mdomo siwezi kulisema. Kiangazi kijacho kijiji kitashona mashua ya ngozi za musi, yule kulungu mkubwa wa misitu yetu, kama zile walizoteremkia wazee wetu kutoka milimani barafu ikishavunjika. Haijashonwa nyingine tangu kabla mama yangu hajaolewa. Atakayekaa tezini, nyuma kabisa, ashike kasia refu la kuongozea, atachaguliwa na Bibi. Hakuna kura, hakuna kamati. Yeye aliipanda mashua ya kweli akiwa mtoto, na waliobaki wa namna hiyo ni yeye tu. Ndiyo maana amekuja, na miaka yake sabini na tisa na goti bovu. Amekuja kututazama.

Anatazama nani? Wanaume wawili. Hesabu rahisi.

Modeste anaongoza mtumbwi wa kwanza, Bibi kakaa mbele yake. Mimi naongoza wa pili, Lucille kakaa mbele yangu pamoja na mizigo. Sijalalamika. Chai iko kwangu.

Jumanne, 11 Julai

Tumefika pale kijito cha kwanza kinapoingia mtoni. Tukashuka kuulipa mto. Huwezi kuingia maji mapya mikono mitupu. Bibi akatoa tumbaku, ncha ya vidole viwili. Lucille akaweka njiti ya kiberiti juu ya maji, akasema ahsante, akaenda kuokota kuni. Sekunde tano. Hana mbwembwe dada yangu, ndiyo maana hafiki mbali.

Kisha Modeste. Akavua kofia. Akachuchumaa. Akanong'ona na maji dakika nzima kama mtu anayebembeleza mkwe, halafu akatoa tumbaku ya vidole vitatu. Bibi akaitikia kwa kichwa.

Nilikiona kile kichwa!

Nikatoa tumbaku ya kiganja. Modeste akasema kumbe alisahau kitu, akarudi na sukari vijiko viwili. Nikatoa sukari kikombe. Bibi akauliza kama tunaulipa mto au tunaupikia. Nikacheka kwa adabu. Modeste naye akacheka kwa adabu. Tukatazamana.

Jumatano, 12 Julai

Siku mbaya. Niandike haraka kabla sijaanza kujitetea.

Tulisimama chini ya jabali jekundu, mahali ambapo marehemu babu hakupita bila kuacha kitu. Modeste akanitangulia. Akatoa risasi. Risasi nzima ya bunduki, mpya, inang'aa! Akailaza majini kama yai. Bibi akasema, "Hee." Nina miaka arobaini na mmoja, na "hee" za Bibi nimezisikia tatu tu, mojawapo kanisa lilipoungua.

Nikaiona tezi inakwenda. Nina nini mimi chenye thamani kuliko risasi? Mkono ukaangukia mfuko wa chai. Nikakumbuka kwamba kwenye boksi la bluu kuna mfuko wa pili. Basi. Nikapanda juu ya jiwe ili nionekane vizuri. Nikauomba mto kwa sauti. Nikawataja mababu kwa majina, mmoja nikamtaja mara mbili. Nikafungua mfuko, nikamimina wote.

Majani yakazunguka kidogo, yakashika njia ya kijijini. Yatafika kabla yetu.

Boksi la bluu lina unga.

Bibi hunywa vikombe tisa kwa siku. Lucille akaniuliza polepole, kwa sauti anayowaulizia wagonjwa pale zahanati, "Kaka, jana ulilala vizuri?" Modeste alikuwa amegeukia msituni, mabega yanamtetemeka. Bibi aliutazama mto mpaka jani la mwisho lilipopinda kona. Kisha akasema kwamba mto leo hautapata usingizi.

Alhamisi, 13 Julai

Bibi ameamka, ameshika kikombe kitupu, amekaa nacho. Hakulalamika. Ingekuwa nafuu angelalamika. Kichwa kinamuuma, alimwambia Lucille, si mimi.

Mpango: chai ya kinamasi. Yale majani magumu yenye manyoya ya kahawia upande wa chini. Watu wetu wameyanywa tangu zamani, tena bure. Nikaingia kinamasini. Nimerudi na majani kofia tele na buti moja. La kushoto limebaki huko, na sidhani kama litarudi.

Nikachemsha. Harufu nzuri tu, kama msitu ulioogeshwa. Bibi akanusa, akasema hiyo ni dawa ya kifua, na kifua chake hakina neno. Akautazama mguu wangu mtupu, ulivyovimba kwa mbu. Akavua soksi yake moja ya sufu, akanirushia. Nimeivaa. Inabana. Siivui.

Tulipokuwa tunakula, Modeste akapekua koti lake la mvua, akatoa vipakiti vinne vya chai. Vinne! Anasema vimo humo tangu uwindaji wa mwaka jana. Bibi akanywa kimoja, akakianika juu ya tawi kitumike tena kesho. Akamwita Modeste "mtoto wangu". Mimi tangu jana naitwa "wewe".

Ijumaa, 14 Julai

Siku ya korongo. Hapa ndipo mtu wa tezi anapojulikana, na hapa ndipo nilipopanga kumaliza mchezo.

Asubuhi nikatangaza kwamba leo ni zamu yangu kumpakia Bibi. Modeste akakubali haraka mno. Anasema kifundo cha mkono kinamuuma. Akamwachia Lucille kuongoza mtumbwi wake, yeye akaenda kukaa mbele kama bwana harusi. Naliandika hili kama ushahidi wa uvivu wake.

Bibi akakaa mbele yangu, kafi magotini. Tulipoikaribia kona, maji yakiwa yameanza kunguruma, akasema tupite upande wa ndani, karibu na changarawe. Nikamwambia astarehe tu. Njia ya ndani ni ya watoto. Nikachukua ya nje, kwenye mawimbi makubwa, aone mjukuu wake ana kifua.

Jiwe.

Mtumbwi ukageuka wote. Tukaingia korongoni kinyumenyume, mimi mbele, Bibi nyuma. Sikumbuki nilisema nini. Lucille anasema niliita mama. Bibi, ambaye sasa ndiye aliyekuwa nyuma bila kuombwa, akachovya kafi lake kushoto, kulia, tena kushoto, taratibu, kama anakoroga mchuzi. Tukatokea upande wa pili tumelowa mpaka masikio, lakini wazima.

Lucille alikuja nyuma yetu kwa njia ya ndani. Hawakupata hata tone. Modeste alikuwa anatafuna samaki mkavu.

"Binamu," akaniita kutoka mbali, "mbona unarudi? Umesahau kitu?"

Nikamweleza kwa utulivu kwamba huo ni mtindo wa kale: mzee anateremshwa huku uso wake ukielekea milimani alikozaliwa, kwa heshima. Bibi akaanza kucheka. Akacheka mpaka akalishika goti. Kicheko cha kwanza tangu ile chai. Nikampa taulo langu kavu, nikabaki nikitetemeka kwa furaha na baridi.

Nadhani nimepata alama.

Jumamosi, 15 Julai

Mvua. Tumeshinda chini ya turubai, miguu minane kuelekea moto mmoja. Lucille alikwenda mara tatu kuangalia kina cha maji na kuvuta mitumbwi juu zaidi. Hatulii huyu. Mimi nilikuwa nafikiri.

Wazo: mashua haishonwi kwa maneno, inashonwa kwa ngozi. Atakayeleta ngozi atanyimwaje tezi? Nikatangaza kwamba kesho, kabla ya kifungua kinywa, nitapiga musi.

Bibi akaniziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya samaki. Musi anasikia. Ukijisifu juu yake, anaona aibu kwa niaba yako na kwenda zake. Anajitoa mwenyewe kwa mtu anayenyamaza. Hili kila mtoto wetu analijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Na mimi nalijua. Lilinitoka tu kichwani kwa dakika moja. Kiganja kilipoondoka nikaongeza kwamba atakuwa dume, tena kubwa.

Lucille akamwomba musi radhi kwa niaba ya ukoo.

Jumapili, 16 Julai

Tulimkuta! Kwenye kisiwa cha changarawe, saa tano asubuhi. Dume. Mrefu kuliko farasi, kidevu kinaning'inia, pembe kama makoleo mawili, majani ya majini yanadondoka mdomoni. Modeste akanipa bunduki yake kwa mikono miwili, kama anamkabidhi askofu fimbo.

Nikashuka. Buti moja, soksi moja. Nikanyata. Musi akainua kichwa, akaniangalia kwa muda mrefu. Nimewahi kuangaliwa hivyo na mama mkwe. Nikalenga. Soksi ikateleza kwenye jiwe lenye utelezi, nikakaa majini, risasi ikaenda kwa Mungu.

Musi akamaliza kutafuna. Akajikung'uta. Akaondoka kwa mwendo wa mtu anayetoka misani.

"Jana alikusikia," Bibi akasema.

Wengine wawili wakaitikia kwa pamoja. Kama vile amina.

Ila tukirudi mtumbwini Bibi alinishika mkono, akajifanya anahitaji msaada wa goti. Alikuwa ananivuta mimi. Na ameniita "mjukuu wangu". Kesho tunafika. Nina matumaini makubwa.

Jumatatu, 17 Julai

Tumefika Mto Mkubwa saa saba, kijijini saa tisa. Bibi hakuvua hata koti. Alikwenda moja kwa moja jikoni kwake, akachemsha birika zima, akanywa vikombe vitatu mfululizo huku sisi tumesimama mlangoni kama washtakiwa. Baada ya kikombe cha tatu akasema ameamua.

Nikanyoosha mgongo. Modeste akajikuna.

Lucille.

Nilidhani anamwita amletee sukari. Lucille naye alidhani hivyo, akaifuata. Bibi akamwambia arudi, aache sukari, kasia refu la mashua ya ngozi atashika yeye. Akasema wiki nzima alikuwa anageuka nyuma kuutazama mtumbwi wangu. Kila jiwe nililolielekea, aliona kafi la mbele likichovya kimyakimya na mtumbwi ukijirekebisha. Siku ile moja kafi hilo lilipohamia mtumbwi mwingine, sote tuliona nilifika korongoni nikielekea wapi. Tena akasema mama yake mwenyewe ndiye aliyekaa tezini mwaka ule baba yake alipougua, na hakuna aliyezama.

Lucille akawa mwekundu mpaka shingoni. Akasema ana zamu zahanati. Bibi akasema zamu itahamishwa tarehe, mto hauhamishwi. Lucille akakaa chini ghafla, sukari mkononi, akaanza kulia na kucheka. Nikamkumbatia. Macho yaliniwasha. Moshi wa birika.

Nje nilimuuliza Modeste anajisikiaje kushindwa. Anasema hakuwahi kuitaka tezi. Hapendi hata kulowa. Alikuwa anataka tu kuona nitatupa nini kingine mtoni.

Nimelala chali saa nzima nikiwaza, na sasa nimeelewa. Lucille alikaa mbele yangu siku sita. Alijifunza wapi kuyakwepa mawe? Kwa mtu aliyekuwa anamwelekeza kwenye mawe. Bila mimi asingepata mazoezi! Kwa hiyo mimi ni mwalimu wa mshika tezi, cheo ambacho kwa kweli kiko juu ya tezi yenyewe. Lazima kiwe na kiti chake ndani ya mashua. Kiti kiwe cha mbele, palipoinuka.

Nikaenda dukani kabla halijafungwa, nikawaeleza watu kumi na wawili. Ili wasidhani ni maneno matupu, nimewaahidi kwamba ngozi zote za mashua nitazileta mimi, kabla ya theluji ya kwanza. Madume matupu. Niliwaonyesha kwa mikono ukubwa wa kila mmoja. Nilisema kwa sauti, maana mzee wa mwisho kwenye foleni ni kiziwi.

Ngozi zinazotakiwa ni nane. Iliyopo ni moja, bandani kwa Bibi. Musi wake alipigwa na Lucille, mwezi wa tisa mwaka jana.