Kikapu Kipya, Kikapu Kilichochakaa

Alhamisi, 11 Juni
Jumapili ni shindano la Zaburi! Vijana wangu wa kidato cha kwanza na cha pili hapa Heru Juu, dhidi ya wale wa Mwalimu Winifrida kutoka Buhigwe. Mwalimu wa washindi hugonga kengele ya kanisa. Ni ile ile ringi ya lori iliyoning'inizwa nje. Mwaka 1997 nilishindana mimi, na enzi hizo kijana mshindi aligonga mwenyewe; nilimwahidi mama ataisikia akiwa shamba la maharage. Nikakwama aya ya pili. Akaigonga Winifrida. Mama, maskini, akadhani ni mimi, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka! Sikumwambia ukweli hadi nikamzika. Lazima nigonge ile kengele.

Jumamosi, 13 Juni
Nimepata akili! Kila upande kijana mmoja huokota karatasi kikapuni, anakariri Zaburi iliyoandikwa. Kikapu kipya ni chetu: karatasi zote Zaburi 117. Aya mbili tu! Kilichochakaa ni cha wageni: zote 119. Aya mia moja sabini na sita. Mungu atanielewa.
Jioni nikafundisha somo la ukarimu: mgeni hapewi kilichochakaa. Ange, mwanafunzi wangu hodari atakayetukariria kesho, aliandika kila neno. Nikajiona mwalimu kweli kweli.

Jumapili, 14 Juni
Balaa! Ange kaona wageni wamewekewa kikapu kibovu, kaona aibu. Kavibadilisha mbele ya kanisa zima, tena kwa kupiga magoti. Mchungaji Melkiadi akamsifu, akasema huyu kafundishwa akafundishika. Nikatabasamu kwa shida.
Kijana wa Buhigwe alimaliza hata sijakaa vizuri. Ange alifika aya ya arobaini, akaanza kulia. Roho iliniuma jamani. Mchungaji akaniomba nimsaidie. Nikasema aya moja. Ya pili, nikakwama! Kama 1997.
Nje, Winifrida akanikabidhi nondo ya kugongea. Alisema siku ile ya 1997 alimwona mama akishangilia kule shambani, akaamua asimharibie furaha. Miaka yote hii alijua! Nikagonga. Mlio ule ule, hadi maharageni. Nimelia hadharani, mtu mzima na koti langu.

Jumatatu, 15 Juni
Nimemwomba Ange msamaha. Nimetubu. Ujanja basi!
Ila mwakani shindano ni Buhigwe. Wageni ni sisi! Nimeshamtumia Winifrida ujumbe: asihangaike, vikapu nitaleta mimi.