Ngozi Yangu na Tishu ya Mama Vipodozi

Jumatatu, 2 Juni

Dada yangu mkubwa kapiga simu asubuhi, niko juu ya ngazi, brashi mkononi. Jumamosi anamwoza binti yake, na kadi yangu ni ya watu wawili. Akauliza kwa sauti ya kunyata kwamba nakuja na nani. Nikajibu, bila kushauriana na akili, kuwa nakuja na mtu. Dada akapiga kigelegele.

Sasa mtu lazima apatikane! Tangu mama watoto atangulie mbele ya haki, kila sherehe kiti cha pembeni yangu huwa cha mikoba ya wanawake wa watu. Nimelinda mikoba mingi. Mizuri, ila haina mazungumzo.

Dada aliongeza kwamba ninunue mafuta ya uso. Eti picha za harusi iliyopita nimetokea kama ukuta unaomsubiri fundi. Kweli, vumbi la kazi ya rangi halina adabu.

Nikaingia duka la vipodozi la pale kona. Mwenye duka, Mama Vipodozi, ni mjane kama mimi (niliambiwa na muuza magazeti, sikumuuliza, nilimuuliza kidogo). Akataka kujua ngozi yangu ni ya aina gani. Nikasema ya kazi. Akacheka. Akanituma bombani nyuma ya duka ninawe, nikae kidogo bila kupaka kitu, kisha akanikandamizia tishu. Paji, pua, mashavu. Taratibu. Sijaguswa uso na mtu tangu... basi. Kinyozi hahesabiki.

Tishu ikatoka kavu. Hukumu: ngozi kavu. Krimu nzito isiyo na manukato, kwaheri fundi. Kirahisi hivyo? Nimeonewa.

Jumanne, 3 Juni

Ngozi ikishajulikana, tishu haitoki tena. Nimelitafakari hilo jikoni, na jibu lilikuwa palepale, kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Nikajipaka pua na paji, kiasi cha kukaangia yai.

Nikamweleza Mama Vipodozi kwamba uso nimeshanawa nyumbani, na kwamba ngozi imegeuka ghafla. Akakandamiza. Tishu ikawa ya kuonea upande wa pili! Akarudia kwa kutoamini macho yake. Mvumilivu hula mbivu.

Akanipa sabuni ya povu ya ngozi ya mafuta, pamoja na skrabu ya kusugulia mara moja kwa wiki. Akasisitiza nijaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio, nilale nayo, nione.

Nilikuwa namtafutia la kumuuliza zaidi, mara akaingia Mwalimu Mstaafu, jirani yangu. Uso kama bilauri. Akatangaza kuwa yeye hutumia maji matupu na kulala mapema. Nani alimuuliza? Hakuna. Mama Vipodozi akamtazama kwa heshima.

Jumatano, 4 Juni

Uso wa mtu ni ukuta tu, tena huu masikio unayo kweli. Nikaufuata kama kazi zangu zote. Kwanza msasa, yaani skrabu, mpaka mkono ukachoka. Halafu lile povu. Halafu krimu mkono wa kwanza, nikakaa mbele ya feni. Mkono wa pili, feni. Mkono wa tatu kwa ajili ya kung'aa.

Nyuma ya sikio sikujaribu. Wateja wangu mimi huwakatalia kupaka sebule kabla ya kujaribu rangi kwenye pembe. Lakini wao si mafundi.

Alhamisi, 5 Juni

Mganga hajigangi. Uso umevimba na unabanduka magamba kama dari la bafuni. Nikitaka kucheka, mashavu yanakataa. Bibi mwenye nyumba ninayopaka kaomba ahakikishiwe kwamba rangi ya chumbani kwake siyo hiyo niliyojipaka mimi.

Dukani nikaingia na barakoa ya vumbi. Mama Vipodozi akaivua kwa mikono yake mwenyewe. Nikakiri yote: mafuta ya kupikia, msasa, mikono mitatu. Nilingoja acheke. Hakucheka. Akaniamuru niache kila kitu, nibaki na maji ya vuguvugu na ile krimu ya kwanza, kidogo tu, na ngozi isipopoa, zahanati. Akachukua namba yangu ya simu. Kisha akasema, huku akipanga chupa zilizokwisha kupangika:

"Fundi, ukitaka kuongea na mtu, kiti kipo. Si lazima uumwe."

Nikamshukuru sana. Nikamwambia sisi wapaka rangi tumezoea kusimama.

Ijumaa, 6 Juni

Leo ndiyo leo. Maneno ya kumwalika harusini nimeyafanyia mazoezi mbele ya ukuta tangu asubuhi, na ukuta ulikubali kuja.

Nafika, Mwalimu Mstaafu kakalia kile kiti! Kikombe cha chai mkononi, hanunui kitu, wanaongelea magoti. Mama Vipodozi anacheka mpaka anafuta macho. Mtu huyu ana losheni ya siri, haiwezekani iwe maji matupu.

Maneno yakanipotea. Nikauliza kama krimu yangu inaruhusiwa kupakwa harusini. Mama Vipodozi akasema inaruhusiwa popote, akaniangalia, akangoja, kama mtu anayengoja sentensi iishe. Nikanunua pamba nikaondoka.

Jumamosi, 7 Juni

Harusi nzuri. Mikoba minne, mmoja una mnyororo wa dhahabu.

Dada akaja kumwona mtu wangu. Nikasema kapatwa na mafua. Akaitazama mikoba, akanitazama mimi, akaiweka yote chini, akakaa.

"Mdogo wangu, huyo mwenye mafua, ulimwalika?"

Nikausifia muziki. Akanishika mkono. Kisha wakamwita kwenye keki, na mikoba ikarudi.

Jumapili, 8 Juni

Uso umepona. Magamba hakuna, mashavu laini. Janga!

Mchana ujumbe wa Mama Vipodozi. Anauliza uso unaendeleaje. Leo kafunga duka, yuko tu nyumbani, na chai aliyopika imekuwa nyingi kwa mtu mmoja. Mwanamke wa kazi huyu, hata siku ya mapumziko anafuatilia wagonjwa! Nikamjibu kwamba nimepona kabisa, asante, na chai iliyobaki aitie kwenye chupa ya chai, itakaa na moto wake mpaka jioni. Akajibu: Sawa.

Nyumba ikawa kimya sana baada ya hapo. Nimekaa nikafikiri. Kesho nitaingia dukani na shida gani? Nimejikagua mwili mzima kwa kioo cha kunyolea. Visigino! Huko hajawahi kufika. Bahati mbaya visigino vyangu ni vizima, havina hata ufa.

Basi nimetumbukiza miguu kwenye ndoo ya chokaa, na hapa ndipo ninapoandikia. Imeanza kuwasha vizuri.