Mtu wa Ishirini Mlangoni mwa Chumba cha Baridi

Jumatatu, 14 Julai
Ukungu umeulalia mji wetu wa Chaka tangu alfajiri. Hata mlima umejificha. Mwenye akili huyo.

Bosi Theuri aliniita asubuhi. Akasema Ijumaa afisa wa kazi anakuja kutoka Nyeri kukagua sera zetu za wafanyakazi, na kwa kuwa mimi ndiye afisa wa rasilimali watu, nijue la kufanya. Sera hatuna hata moja. Sisi tunapakia mishiri, yale maharagwe mabichi ya kwenda ng'ambo, hatupakii karatasi.

Shida ni Kagwiria. Msichana mpole wa Chogoria, hupanga makreti ndani ya chumba cha baridi. Wiki jana alinieleza kwamba msimamizi Mburu humfuata humo ndani na kufunga mlango. Akauliza malalamiko kama hayo hupelekwa wapi. Nikamwambia angoje. Mburu ni shemeji ya Bosi! Nikimgusa nitakula wapi?

Alasiri nikaisoma sheria kwenye simu. Mwajiri mwenye watu ishirini au zaidi lazima awe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono, tena ashauriane na wafanyakazi kwanza. Wetu ni ishirini na watatu. Mimi na Mburu sijatuhesabu, sisi ni ofisi. Basi nikacheka peke yangu. Ijumaa tukiwa kumi na tisa, hakuna sera, hakuna wa kuuliza habari za Mburu. Bosi akasema hiyo ndiyo akili, na cheo cha meneja kinaningoja.

Jumanne, 15 Julai
Nimepunguza wanne. Watatu nimewapeleka shamba la vitunguu la Bosi huko Kieni. Wa nne ni Kagwiria mwenyewe: nimemwambia akae nyumbani mpaka aitwe. Akanirudishia koti lake jeupe. Alinitazama kama mtu anayemtazama mbwa aliyeiba nyama jikoni. Nilijisikia vibaya mpaka saa ya chakula.

Baadaye nikasimama kwenye dirisha la kioo linalotazama ukumbi wa kupakia, nikahesabu kwa kidole. Cucu Wakonyo, bibi mzee anayeongoza meza ya kuchagua mishiri, akakiona kile kidole akaja mbio. Akasema ati watu hawahesabiwi, hata mbuzi wa baba yake hawakuwa wakihesabiwa. Ati ukihesabu watu, unaita mwingine aje kujazia. Nikamjibu kwamba hii ni sheria ya nchi, si hadithi za kuota moto.

Nikamaliza. Ishirini.

Nikarudia. Ishirini. Ni haya mavazi: makoti meupe, kofia za wavu, barakoa, gambuti za mpira. Huoni ila macho.

Jumatano, 16 Julai
Ishirini tena. Leo nimemwona wa ziada. Anasimama mlangoni mwa chumba cha baridi, amenipa mgongo, mikono imetulia. Wengine wote mikono yao inakimbia.

Nikaingia ukumbini. Hapakuwa na mtu mlangoni. Sakafu ilikuwa na alama za gambuti zilizoingia chumbani. Za kutoka sikuziona. Mburu akaniuliza natafuta nini. Nikasema panya. Hakucheka. Akasema yeye haingii tena humo ndani, eti ana mafua.

Koti la Kagwiria nimelitundika msumarini nyuma ya mlango wangu, karibu na jiko la makaa. Bado koti ni baridi. Nikamwomba Cucu Wakonyo ampigie simu Kagwiria. Kagwiria yuko kwa mama yake, anachuma chai. Nikamwambia Cucu amuulize kama ana uhakika yuko huko. Cucu akakata simu, akaniambia niende kanisani.

Naogopa. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 17 Julai
Dawa nimeipata! Niliwaamuru wote wavue barakoa na kunigeukia. Nyuso kumi na tisa, zote nazijua. Nikapumua. Nikawaambia wazivae tena.

Ishirini.

Kesho hakuna mtu kuvaa barakoa. Mambo ni hayo tu, na mimi si mjinga.

Ijumaa, 18 Julai
Afisa wa kazi anaitwa Madam Anita, mzaliwa wa Wamagana, sauti ya chini, viatu safi. Jambo la kwanza aliuliza kwa nini watu wanashika chakula cha kuuzwa na pua wazi. Akaamuru barakoa zivaliwe.

Alipoanza kuhesabu, Cucu Wakonyo akamwomba asiwahesabu watu. Kila mmoja aweke ganda moja la mishiri kwenye beseni, yahesabiwe maganda. Nilidhani atakataa. Akakubali mara moja, akasema hata yeye, nyanya yake angemchapa kwa kuhesabu watu.

Wakapita mmoja mmoja. Beseni likamwagwa mezani. Maganda ishirini. Kumi na tisa yalikuwa ya kijani. Moja lilikuwa jeupe kwa barafu, nalo halikuyeyuka hata Madam alipolishika. Mburu akatoka na gambuti zake, akapita getini, na sasa ni jioni hajarudi.

Madam akaomba sera. Nikatazama dari. Ndipo Cucu Wakonyo akamweleza yote ya Kagwiria, tena mbele ya Bosi. Madam akaagiza Kagwiria arudishwe kazini, malalamiko yake yasikilizwe, na wafanyakazi waitwe kutunga sera yao.

Madam alipoondoka, Bosi akasema nilimwahidi kumi na tisa. Akasema lazima mmoja atoke, na huyo ni mimi. Nikapaza sauti. Nikamwambia sheria inasema lazima nielezwe kosa langu na nisikilizwe, na mwenzangu wa kazi akiwa kando yangu. Bosi akaniuliza kama hilo limo kwenye sera zetu. Ni mimi niliyesema hatuzihitaji. Nikawauliza watu ukumbini ni nani atakayesimama nami. Mikono yote ikaendelea kuchagua mishiri. Hilo liliniuma kuliko kufutwa.

Nilipoenda kuchukua mwavuli wangu, msumari ulikuwa mtupu. Koti halipo.

Nilipofika getini nikageuka, nikawatazama kupitia mlango wa ukumbi uliokuwa wazi. Kidole kikanyanyuka chenyewe. Ishirini. Yule wa mlangoni alikuwa amegeuka, ananitazama.

Jumatatu, 28 Julai
Othaya! Hewa safi, vilima vya chai kila upande. Mungu hamtupi mja wake. Nimepata kazi kwenye kampuni ya kupakia maparachichi. Mkurugenzi, Bi. Wakiuru, amekiri kwamba hawana sera yoyote, na mwezi ujao watakaguliwa. Ana wafanyakazi ishirini na mmoja. Nikamwambia amempata mtu aliyebobea.

Mchana tumewapa wawili likizo. Kisha nikasimama dirishani, nikahesabu kwa kidole. Hapa wote huvaa makoti ya buluu.

Ishirini. Mmoja alisimama karibu na mlango, koti lake jeupe. Aliinua kidole taratibu, akakielekeza kwangu, midomo ikicheza nyuma ya barakoa kama mtu anayehesabu.

Nimemwambia Bi. Wakiuru asiwe na wasiwasi. Kesho tutapunguza mmoja tena.